Hotuba ya Bwana Mchakato Kuhusu Mikono ya Watoto Wetu

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe wa kwanza kabla ya wote, na natumaini mgongo umepoa tangu siku ile uliyobeba ndoo mbili kwa ubishi. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie naituma nikiwa nimepiga magoti kabisa, na zile dawa za presha azinywe hata siku anazojisikia mzima. Shemeji naye shikamoo. Mwanao mkubwa aliyeota ndevu tatu, msalimie yeye na ndevu zake. Mapacha uwasalimie kila mmoja peke yake, wasije wakagombana nani katajwa kwanza. Wifi yetu fundi cherehani mwambie gauni langu la tangu mwaka juzi bado nalingoja, nimeshanenepa, apime upya. Babu wa nyumba ya nyuma anayejifanya hasikii, msalimie kwa sauti ndogo, atasikia. Na mpangaji wenu mwalimu, anayekusomea barua zangu, mwambie safari hii asiruke mistari.

Sisi huku hatujambo. Baba watoto anakohoa tu, lakini anakula. Na huyu mdogo, binti yangu mliyempa jina la Jaji kwa sababu anamtazama mtu bila kupepesa mpaka mtu akiri kosa lake, ana miezi kumi na mitano sasa, meno sita, anatambaa kwa kujivuta upande mmoja.

Umeniandikia kwamba mmesikia redioni kituo cha mikono ya watoto kimefunguliwa huku kwetu, na mama amefurahi mpaka akalia, anasema sasa mkono wa Jaji utaamka. Dada, nisikilize vizuri. Mimi nilikuwepo. Nilikaa safu ya pili kutoka nyuma, Jaji mapajani, tangu saa mbili asubuhi. Nikikusimulia kwa maneno yangu mtasema nina hasira. Basi jirani alirekodi hotuba nzima kwenye simu yake, nami siku tatu hizi naisikiliza kipande kwa kipande, nasimamisha, naandika, narudisha. Shule yangu unajua iliishia wapi, maneno mengine nimeyaandika kama yalivyoingia masikioni. Yaliyo kwenye mabano ni sisi tuliokuwa ukumbini, siyo yeye.

Kumbuka tu tulikotoka. Mtaalamu wa mazoezi wa zahanati yetu, yule mama tuliyemwita Bi Soksi, ndiye aliyemtazama Jaji ana miezi minane akaniambia, "Mwanangu, mtoto wa miezi hii hachagui mkono. Huu wa kulia umelala." Wengine wote waliniambia ni mashoto tu, ningoje akue. Bi Soksi alisema tusingoje hata wiki, kwamba ubongo wa mtoto mdogo bado unatafuta njia zake na ni rahisi kuuonyesha njia sasa kuliko baadaye. Alitufundisha kuuvisha soksi mkono ulio mzima, nusu saa kwa siku wakati wa kucheza, ili ule uliolala ukose wa kumtuma, ujitume wenyewe. Kwa mchezo na kicheko, mtoto akichoka unavua. Miezi minne tulifanya, na Jaji akaanza kushika kifuniko cha chupa kwa mkono ule. Halafu siku moja tukakuta mlango wa chumba chake una kufuli na karatasi: tusubiri mradi mkubwa. Bi Soksi hayupo, simu yake haipatikani, ukiuliza alikopelekwa unaambiwa uandike barua. Tumesubiri miezi mitatu. Ndipo tukaitwa kwenye ufunguzi huo.

Msemaji ni mkubwa wa ofisi ya uratibu. Sisi tunamwita Bwana Mchakato. Utajua mwenyewe kwa nini.

* * *

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa siku ya leo ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wangu. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Endeshi, wa Kamati Elekezi, na wa Kamati ya Kuzielekeza Kamati. Ndugu Mratibu Msaidizi wa Uratibu na timu yako yote ya waratibu. Wadau wa maendeleo mliopo, msiopo na mliotuma udhuru. Ndugu wanahabari, hususan wenye kamera. Viongozi wa dini zote, ambao dua zenu tumeziweka kwenye ratiba kwa dakika moja moja. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naelekeza ihesabike kuwa imezingatiwa. Na mwisho kabisa, kwa kuwa ndivyo mlivyokaa, akina mama na watoto wenu: nawasalimu nyote.

(Makofi ya safu ya mbele. Huku nyuma tulikuwa tunabadilisha nepi.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, furaha ambayo wataalamu wa ofisi yangu wameifanyia tathmini na kuiona iko katika kiwango cha kuridhisha, ili kuzindua rasmi, kwa maana halisi ya neno uzinduzi, Mpango Jumuishi wa Kimkakati wa Uwezeshaji Mtambuka wa Mikono ya Watoto Wadogo Wenye Mtindio wa Ubongo, Feizi ya Kwanza ya Awali ya Majaribio, mpango ambao haujawahi kutokea katika eneo hili, na nathubutu kusema, bila kujisifu kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu, kwamba haujawahi kutokea popote.

(Mshereheshaji alijaribu kulirudia jina la mpango, akaishia katikati, akasema, "Basi tupige makofi!" Tukapiga.)

Ndugu zangu, mchakato huu haukuanza leo. Ulianza kwa mchakato wa kuandaa mchakato, ukafuatiwa na mchakato wa kuupitia mchakato huo, na katika hatua zote hizo mimi binafsi nilikuwa mbele, nikilala saa chache, nikila kwa shida, hadi mke wangu akaniuliza, baba, hiyo mikono ni ya nani, nami nikamjibu, ni ya wananchi. Tuliunda timu ya watu kumi na wanne, tukasafiri wiki mbili kwenda kujifunza kwa wenzetu walioendelea, na kule, naomba niwaambie ukweli, tulijifunza. Tuliona majengo. Tuliona zulia. Tulishikana mikono na wakurugenzi wa ngazi zote, tukarudi na ripoti nene ambayo iko mezani kwangu hadi leo, na kila anayeingia ofisini anaiona.

("Mtoto hata mmoja mlimwona?" aliuliza baba mmoja dereva wa lori, kambeba mwanawe begani.)

Swali zuri sana, na litachukuliwa katika kipindi cha maswali.

(Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na mlango. Baada ya hotuba ni picha ya pamoja. Baada ya picha ni mwisho. Dereva akaenda kuisoma, akarudi, akakaa. "Labda kipindi cha maswali nacho kiko kwenye mchakato," akasema.)

Sasa niingie kwenye takwimu, kwa sababu mimi ni mtu wa takwimu, na ndugu wanahabari hapa muandike vizuri. Hadi kufikia asubuhi ya leo, mpango wetu umekwisha kuifikia mikono mia nne na kumi na minane, narudia, mia nne na kumi na minane, sawa na asilimia mia moja na nne ya lengo, lengo ambalo lenyewe tuliliweka jana jioni ili liendane na hali halisi, na kwa kasi hii dashibodi yetu inaonyesha kwamba ndani ya miaka miwili tutakuwa tumeifikia mikono mingi kuliko wakazi waliopo.

(Hapo tukatazamana. Watoto mle ndani walikuwa thelathini na mmoja, nilikuwa nimewahesabu mwenyewe. Mikono yote hiyo imetoka wapi? Mbele yangu alikaa bibi mmoja, analea mjukuu wake wa miaka miwili, naye ndiye aliyefumbua. Mlangoni karani alikuwa anasainisha kila anayeingia. Kila jina mikono miwili: ya kwetu, ya watoto, ya waandishi wa habari, ya askari, ya wapiga ngoma. "Hata huu wangu wenye baridi yabisi umefikiwa," akasema bibi, akauinua. "Asante, mwanangu. Nimepona.")

Nashukuru, naona mzee wangu pale ananipungia mkono, hii ndiyo fidibaki tunayoitaka kutoka ngazi ya chini. Niendelee. Wataalamu wanatuambia kwamba katika jambo hili kuwahi ni muhimu, kwamba mtoto aanze mazoezi ya mkono akiwa mdogo kabisa, nami nakubaliana nao, tena nilikuwa nakubaliana nao hata kabla hawajasema. Ndiyo maana ofisi yangu imebuni Utaratibu Maalumu wa Kuwahi, ambapo mzazi atajaza fomu ya maombi nakala nne, ataisainisha kwa viongozi wake wa ngazi tatu, ataiwasilisha siku ya Jumanne ya pili ya mwezi, na baada ya miezi tisa majina yatachujwa, na wale watakaopita kwenye mchujo wataitwa kwenye semina elekezi kuhusu umuhimu wa kuwahi.

("Miezi tisa!" Mama mmoja nyuma yangu alisimama. "Mheshimiwa, miezi tisa ndiyo niliyombeba tumboni!")

Hasa, mama, na ndiyo maana kamati ikachagua miezi tisa, tukasema huu ni muda ambao wanawake wameuzoea.

(Safu ya mbele walicheka. Mama yule akakaa, akamfunika mtoto wake masikio.)

Naomba sasa tufike kwenye kilele cha shughuli, yaani ubunifu. Wengi wenu mmezoea mambo ya kienyeji, mambo ya soksi, mambo ya vifuniko vya chupa na vibanio vya nguo, mambo ambayo, kwa heshima na taadhima, hayaendani na karne hii. Ofisi yangu imekataa mtoto wa mwananchi kuvishwa soksi mkononi kama vile hana miguu. Tumeleta Glavu Janja. Lete hapa. Hii hapa. Imara, haipiti maji, haipiti moto, ya ukubwa mmoja kwa watoto wote kwa kuwa sisi hatubagui.

("Hizo ni za kuchomelea vyuma," alisema dereva, tena kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake. "Shemeji yangu anazo mbili kama hizo, yuko gereji.")

Na ili kuondoa maneno maneno, tutaionyesha hapahapa mbele ya kamera. Naomba mtoto mmoja apite mbele. Siyo huyo anayelia. Huyo pale, anayenitazama.

(Dada, alikuwa Jaji. Nikapanda naye jukwaani, nikamkalisha juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Nilisema moyoni, pengine nikiwa mpole atatupa nafasi. Bwana Mchakato akamletea ile glavu karibu. Jaji akaitazama. Akamtazama yeye. Halafu mtoto wangu, miezi mitatu bila mwalimu, akafanya alichofundishwa: akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akampa avishe. Ukumbi wote huku nyuma ukasema, "Aaah!" Bibi akapiga vigelegele.)

Hapana, hapana, mtoto mzuri, siyo huo. Huo ni mzima. Ndugu wanahabari, mnaona wenyewe, mtoto hajaelimishwa, na hii ndiyo changamoto tunayokutana nayo huko chini.

(Nikasema, "Mheshimiwa, ni huohuo. Mzima ndio unaovishwa. Uliolala unaachwa wazi ufanye kazi." Kipaza sauti kilinidaka, sauti yangu ikasikika mpaka nje. Niliogopa, lakini ilikuwa imeshatoka.)

Mama, nakuheshimu sana kama mzazi, lakini nikuulize swali la kitaalamu: ukiufunga mkono mzima, mtoto atafanya kazi kwa mkono upi?

("Ndiyo maana yake!" ukumbi mzima ulipiga kelele. "Ndiyo maana yake, baba!")

Mmesikia, wananchi wanakubaliana nami. Kamati yetu, katika kikao chake cha saba, iliazimia kwamba mkono mgonjwa upewe joto, upewe mapumziko, na upewe heshima yake, kwa hiyo utavishwa glavu na kutulizwa, huku mkono mzima ukiendelea na majukumu ya kila siku kama kawaida. Na sasa, naomba kamera zisogee, natekeleza azimio.

(Akamshika ngumi ya kulia. Unajua ngumi ile, kidole gumba kimelala ndani, vingine vimekifunika. Akaanza kuvuta kidole gumba, kuvuta kabisa, kama mtu anayeng'oa msumari. Akina mama wote, na baba mmoja, wakasimama pamoja: "Usivute!" Mwingine akasema, "Pitisha kidole mgongoni mwa mkono, pole pole, utafunguka wenyewe!" Mwingine, "Anamuumiza, jamani!" Nikauondoa mkono wake kwa mkono wangu, dada, mbele ya watu, nikamchukua mwanangu. Jaji hakulia. Alimtazama tu yule bwana, na yule bwana ndiye aliyeangalia pembeni.)

Nashukuru sana kwa mwitikio huo mkubwa, sijawahi kuona wananchi wakisimama wote kwa pamoja kushangilia kifaa. Glavu moja irudishwe kwenye boksi, ile ya maonyesho, tunayo hiyohiyo.

Ndugu zangu, sikuja hapa na glavu peke yake. Chini ya uongozi wangu, na nasema wangu ili uwajibikaji ujulikane uko wapi, tutaleta mashine ya kunyoosha vidole inayotumia mwanga. Tutaleta apu ya simu ambapo mzazi atapiga picha ya mkono wa mtoto, ataituma, na mfumo utamjibu onlaini kwamba picha imepokelewa. Tutajenga ghorofa yenye lifti. Tutawajengea uwezo wataalamu, tukishawajengea uwezo tutawajengea uwezo wa kuwajengea wengine uwezo, na kila stekiholda atapata fulana. Wapo watakaosema kwamba mtoto anahitaji tu mtu mmoja mwenye ujuzi, mkeka na nusu saa kila siku. Hao ni wapinga maendeleo. Mimi mwenyewe nina mikono miwili, nimeitumia kwa miaka ishirini na sita ya utumishi, na hakuna siku hata moja niliyomwonyesha mwananchi mikono mitupu.

(Alionyesha mikono. Kulia alikuwa na karatasi, kushoto alikuwa na leso.)

Tazameni humu ndani. Tazameni rafu ile ilivyopangwa midoli ya kila rangi. Tazameni mikeka mipya. Tazameni wataalamu wetu wawili pale mlangoni, wamevaa makoti yao meupe, wako tayari. Nani alitegemea kituo kama hiki? Nani?

(Mikeka ilikuwa bado ndani ya nailoni. Midoli ilikuwa juu, mahali ambapo mimi mwenyewe ningehitaji ngazi. Bibi alikuwa ameshamwendea mmoja wa wale wenye makoti meupe kumwonyesha mjukuu wake, akamwuliza, "Mwanangu, huyu tumwanzie na nini?" Yule binti akamwangalia mtoto kama mtu aliyekabidhiwa jungu la moto, akasema, "Bibi, mimi nimeambiwa nisimame tu.")

Sasa nataka kauli mbiu yetu isikike mpaka barabarani. Nikisema, Mikono ya Leo, mnajibu, Nguvu ya Kesho, na mikono yote miwili iende juu. Mikono ya Leo!

(Safu ya mbele wakanyoosha miwili. Watoto wetu wanapenda kuiga, unajua watoto. Nao wakanyoosha. Mmoja mmoja.)

Naona huku nyuma mnanyoosha nusu nusu, hamjachangamka. Mikono yote! Mikono ya Leo!

(Hakuna aliyejibu. Hata mshereheshaji alikuwa ameinama anatazama viatu vyake.)

Basi, naona mmeguswa. Nifike kwenye shukrani, maana mtu asiyeshukuru hana utu, nami nimefundishwa kushukuru kila aliyechangia kwa nafasi yake. Namshukuru mmiliki wa ukumbi huu wa sherehe kwa kutuazima hadi saa nane kamili, na naomba tuwahi kutoka kwa sababu maharusi wanaingia saa kumi na mapambo yanatakiwa kubadilishwa. Naishukuru shule ya chekechea ya jirani kwa kutuazima midoli na mikeka, vyote vinarudi leo, ndiyo maana nilielekeza viwekwe mbali na watoto visije vikachakaa. Nawashukuru mabinti wawili wa masijala ya ofisi yangu kwa kukubali kuvaa makoti meupe, Jumatatu mrudi kwenye mafaili. Namshukuru fundi wa kibao cha pale nje, na namkumbusha upande wa pili auache wazi, kwa kuwa wiki ijayo tunazindua machinjio. Niwashukuru pia wataalamu wa mipango, ambao wataanza kuandika andiko la mradi huu mara tu uzinduzi utakapoonekana kwenye habari, maana kama mnavyofahamu huwezi kuomba fedha za kitu ambacho hakijazinduliwa. Na kipekee kabisa namshukuru yule mtumishi wa mazoezi wa zahanati, ambaye chumba chake tulikifunga ili kupisha mradi, na ambaye hakuleta maneno, akabeba mkeka wake akaenda kuripoti kituo cha afya cha kiwanda cha saruji, alikopangiwa jukumu jipya la kuhesabu mablanketi ya stoo. Huo ndio uzalendo. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na hongereni sana kwa kupata kituo.

* * *

Ndiyo hiyo, dada, mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza tu, vijana wa mapambo wakaanza kuvuta viti, vingine tukiwa bado tumevikalia. Bibi akaniuliza, "Kwa hiyo fomu tunachukulia wapi?" Dereva wa lori ndiye aliyemshika mkono wakashuka ngazi. Ile picha ya pamoja walipiga wao wa mbele, wakampakata mtoto wa mmoja wao, mzima wa viungo vyote, ana soda mkononi.

Usimweleze mama yote. Mwambie tu kituo bado. Lakini nataka wewe usikie tena ile sentensi ya karibu na mwisho wa hotuba, na mwalimu akiisoma asiiruke. Kituo cha afya cha kiwanda cha saruji ni hicho cha mtaani kwenu, ulikompeleka pacha kuchomwa sindano. Saa mbili nzima alizungumza yule bwana, na kitu kimoja tu alichosema kina faida kwa mwanangu, nacho kilimponyoka kwenye shukrani. Bi Soksi yuko hapo kwenu, anahesabu mablanketi.

Nenda kesho asubuhi. Usiulizie dirishani, watakwambia andika barua. Zunguka nyuma kwenye stoo. Ni mama mnene mfupi, anavaa miwani ameifunga kwa uzi, na akikuona na mtoto anamtazama mtoto mikono kabla ya uso. Mwambie mama Jaji anakusalimu sana. Mwambie soksi naendelea kuivisha kila siku, lakini kidole gumba kimeanza kurudi ndani, na kifuniko cha chupa alichokuwa anakishika wiki mbili hizi anakiacha kinaanguka. Mwambie aliniambia kuna wakati tutaacha soksi tuanze michezo ya mikono miwili kwa pamoja, na mimi sijui kama wakati huo umefika au umepita, naogopa nisije nikawa naharibu kwa kutokujua. Muulize kama anaweza kutuona jioni akitoka kazini, hata nusu saa, hata kwenye ngazi za kituo. Tutalala jikoni kwako, hatutasumbua, na mablanketi yake nitamsaidia kuyakunja.

Akikubali nitakuja na bibi na mjukuu wake pia, nimeshamwambia, usinikasirikie. Kuna wengine nao wananiuliza, lakini hao nitakuandikia baadaye.

Dada, nijibu upesi. Usingoje upate nafasi ya kuandika vizuri, wala usingoje mapacha walale. Tuma maneno mawili tu kwenye simu ya jirani, yupo au hayupo. Begi la Jaji nimeshalifunga, liko mlangoni.

Mdogo wako